Mama Turubai Aenda Kuhakikiwa

Mji mzima ukikujua, halafu mtu akakuuliza wewe ni nani, utacheka. Mama Turubai naye alicheka, mwenye lori la mchanga alipokuja kuchukua turubai lake na kumuuliza kama ameshahakikiwa.

"Nihakikiwe mimi? Kwani mimi mbuzi wa mnadani?"

"Wewe si mkurugenzi wa kampuni hii?" Yule mtu alikuwa anakagua mshono kwa ukucha, kama kawaida yake. "Wakurugenzi wote na wenye hisa wanatakiwa. Unakwenda na kitambulisho, unapigwa picha, unaweka vidole, mashine inasema kweli wewe ni wewe. Mwisho kesho. Mimi na mke wangu tulimaliza zamani. Tena shemeji yako tulipanga naye foleni."

Kicheko kikamkaukia mdomoni.

"Shemeji yangu yupi?"

"Una wangapi? Kesho."

Kesho lilikuwa jina la utani la mdogo wa marehemu mumewe. Alipewa kwa sababu hakuna jambo aliloombwa akalifanya siku ileile. Ukimwomba akuazime pasi atasema kesho, ukimwomba msaada wa kubeba magunia atasema kesho. Na huyu Kesho alikuwa amemwambia Mama Turubai, si mara moja wala mbili, "Kuna kijikaratasi cha ofisi ya usajili wa makampuni, shemeji. Usihangaike na foleni, miguu yako yenyewe hiyo. Kesho nitakupeleka kwa gari." Yeye akashukuru. Akaendelea kushona. Kumbe mwenzake alishakwenda zake peke yake, akahakikiwa, akarudi, akanyamaza.

"Na asiyehakikiwa anafanywaje?" aliuliza.

"Jina lake linasimamishwa. Hasaini, hapingi, hana kauli. Anayebaki ndiye kampuni." Mwenye lori alikunja turubai lake, akalibeba begani. "Mshono mzuri, mama. Kama wa marehemu."

Aliondoka akamwacha amesimama vilevile, sindano mkononi. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Wiki chache nyuma mtu mmoja mwenye viatu vya kung'aa alikuja karakana, akapima sakafu kwa hatua zake, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akatazama paa. Kesho alikuwa nyuma yake, anacheka kwa kila neno lake. Alitaka kununua jengo na mashine, jengo alifanye ghala, mashine aziuze chuma chakavu. Mama Turubai alikataa kusaini, na bila sahihi za wakurugenzi wote wawili hakuna mauzo. Kesho alisema tu, "Haya, shemeji, tuyaache." Sasa alielewa alikuwa ameyaacha wapi.

*

Kazi hii aliiingia kwa ubishi. Baba yake alikuwa dereva wa lori la nafaka, na siku moja alimtuma apeleke turubai lililochanika kwa fundi. Alilibeba kichwani, akakaa kwenye benchi la karakana kusubiri. Fundi alikuwa kijana mrefu, mkimya, anashona huku mdomo umejaa uzi. Msichana alitazama, akavumilia, mwisho akashindwa.

"Mishono yako iko mbalimbali. Mvua itapita, mahindi yataota humo ndani."

Fundi alitoa uzi mdomoni. Hakukasirika. Alimnyooshea sindano. "Basi shona wewe."

Alishona mpaka jua likashuka, vidole vinatoka damu, na mishono aliyotia ilikuwa mibaya kuliko ile aliyoisema. Fundi aliifumua yote mbele yake, akamwambia arudi siku nyingine ajifunze. Alirudi, na hakuondoka tena. Watu walikuwa wakimtania kwamba wenzake waliolewa kwa posa, yeye aliolewa kwa turubai bovu.

Kushona turubai si kushona shati. Kitambaa ni kizito kama ngozi ya ng'ombe, uzi ni wa katani uliopakwa nta, sindano ni nene kama msumari. Kiganja cha kulia unakivisha kipande cha ngozi cha kusukumia sindano. Mshono ukishapita unaulalia kwa dole gumba na kidole cha shahada, unaukandamiza nta ikiwa bado ya moto, ili maji yasipate njia. Mkono wa kushoto kazi yake kushika kitambaa. Na kidole cha mwisho cha mkono huo hakina kazi. Kikijinyoosha chini ya kitambaa, sindano itakikuta huko huko kilikojificha. Mumewe mwenyewe cha kwake kilitobolewa akiwa mwanafunzi, kikaoza, kikakatwa. Kwa hiyo kila aliyemfundisha, mke, mdogo wake Kesho, wanawake waliokuja baadaye, alimfundisha rula ya mbao ikiwa kwapani. Kidole kikichomoza tu, rula inatua.

"Kunja kidole! Hicho ni mla bure, kikunje kilale!"

Ile karakana ilipokua, wenye malori wakubwa wakataka kufanya kazi na kampuni, si na mtu. Mumewe akaandikisha kampuni kwa majina matatu: lake, la mkewe na la mdogo wake. Alipofariki, fungu lake likaenda kwa mkewe. Mama Turubai aliposhika karatasi ile yenye neno mkurugenzi aliiweka kabatini, akarudi kwenye benchi lake. Ukurugenzi aliouelewa yeye ulikuwa wa kufungua mlango asubuhi kabla wengine hawajafika.

Jioni ile, baada ya mwenye lori kuondoka, alifanya kosa ambalo asingelifanya mtu yeyote ila mshona turubai.

Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa nta. Alijionea aibu kuvipeleka ofisini kwa watu hivyo vilivyo. Akachota mafuta ya taa kwenye bakuli, akachukua jiwe la kusugulia visigino, akakaa kizingitini kusugua. Alisugua kila palipokuwa na nta. Dole gumba la kulia, cha shahada, cha kati, akahamia mkono wa pili. Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akigonga pete za chuma kwenye pembe za maturubai, alimwona akapita akasema, "Mama, utavichuna!"

"Waache wajue nimetoka kwenye nyumba ya watu safi."

Alisugua mpaka vikawa vyekundu, laini kama vya mtoto mchanga. Akavitazama kwenye taa, akaridhika. Kumbe mistari kidogo iliyokuwa imebaki kwenye ncha za vidole vile, baada ya miaka yote ya nta ya moto na katani, ndiyo hiyo ilikuwa imeondoka na jiwe.

*

Ukumbi wa ofisi ulikuwa umejaa tangu asubuhi. Viti vya plastiki vimefungwa pamoja kwa mnyororo, feni moja inazunguka na nyingine imegoma, na ukutani bango la kijani: KILA MKURUGENZI NA MMILIKI AHAKIKIWE. DIRISHA LINAFUNGWA SAA KUMI. Watu walishika vitambulisho vyao kama tiketi za hospitali. Kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la kumpima, kama anajiuliza, huyu naye ana kampuni?

Jirani yake kwenye foleni alikuwa mzee mfupi mwenye koti kubwa, mwenye magari ya kunyonya majitaka.

"Miaka yote mji mzima unanitambua kwa harufu, mama," alisema mzee, "wanaziba pua nikiwa bado mtaa wa pili. Leo wananiuliza mimi ni nani! Wangenusa tu, wamalize."

Mama Turubai alicheka, lakini kicheko hakikufika tumboni. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

Zamu yake ilifika mchana. Karani wa dirishani alikuwa binti mdogo mwenye mafua, leso imekunjwa kando ya kompyuta. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka tu.

"Kitambulisho, mama. Asante. Tazama hapa kwenye kamera. Usicheke. Pepesa macho. Geuka kulia. Kushoto."

Mashine ikanyamaza, kisha ikalia mlio mmoja mfupi.

"Uso umelingana nusu," karani alisema. "Picha ya kitambulisho ni ya zamani."

Ni kweli. Kwenye picha alikuwa na uso wa duara na mashavu mawili. Tangu ang'olewe magego ya upande mmoja shavu la kushoto lilikuwa limezama, na tangu msiba mwili ulikuwa umepungua bila kumwomba ruhusa.

"Si neno, vidole vitathibitisha. Dole gumba la kulia, weka hapo kwenye kioo."

Aliweka. Taa nyekundu.

"Futa kwanza. Weka tena."

Nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Mkono wa kushoto, dole gumba, nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Karani alisafisha kioo kwa leso nyingine, akamshika mkono yeye mwenyewe, akaugeuza kwenye mwanga. Akapitisha kidole chake juu ya ncha za vidole vile kama mtu anayetafuta vumbi mezani.

"Mama, umefanya nini vidole vyako? Havina kitu. Vimekuwa kama kioo chenyewe."

"Nimevisafisha," alisema Mama Turubai, na sauti ikamtoka ndogo. "Nimevisafisha kwa ajili yenu."

Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. Karani alipiga chafya, akasoma kitu kwenye kompyuta, akasoma tena.

"Iko njia nyingine. Alama zikigoma, mkurugenzi mwenzako aliyekwisha kuhakikiwa anaweza kuja hapa, aape mbele yetu kwamba wewe ndiye. Wa kwako namwona hapa, keshahakikiwa. Ni ndugu?"

"Shemeji yangu."

"Basi umebahatika!" Binti alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Mpigie. Afike kabla ya saa kumi. Mfumo ukijifunga mimi sina funguo."

Mama Turubai alikaa kwenye kiti, simu mkononi, asijue acheke au alie. Katika watu wote wa dunia hii, aliyepewa mdomo wa kusema "huyu ndiye" alikuwa yule mmoja anayefaidika akinyamaza.

"Kulikoni?" mzee wa majitaka aliuliza. Akamweleza kwa maneno machache. Mzee akapuliza pumzi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mama. Mpigie. Labda damu itamsuta."

"Damu ya nani? Mimi ni mke wa kaka yake tu."

Akampigia hata hivyo. Safari hii Kesho hakusema kesho. Alisema, "Nakuja sasa hivi, shemeji." Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

*

Alifika amevaa shati lililopigwa pasi, ananukia marashi, funguo za gari zinazunguka kidoleni. Hakwenda dirishani. Alimvuta pembeni kwenye korido, karibu na mlango wa choo, mahali ambapo watu walipita wakitazama chini.

"Shemeji, mbona hukuniambia unakuja? Si ningekuleta?"

"Kesho yako nimeingoja mpaka imekwisha."

Alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu mbele ya wageni. "Tusigombane. Mimi sikuwa na nia mbaya. Nilitaka likufikie taratibu. Tazama, maturubai ya kiwandani yamejaa madukani, mepesi, yana rangi zote. Nani atakaa kungoja mshono wa mkono? Anayetaka kununua yupo leo, mwakani hayupo. Na wewe vidole vimekwisha. Si umeona? Hata mashine imekwambia."

Hilo lilimchoma mahali ambapo hakutegemea. Alificha mikono nyuma.

"Wale wanawake wa karakana wataenda wapi?"

"Watapata kazi. Binti yako ana akili, atapata kazi." Akashusha sauti. "Na mimi je? Umewahi kuniuliza? Tangu sina ndevu napigwa rula kwenye banda lile. Kaka alilipenda, wewe ulilipenda. Mimi nililipenda lini? Nimelibeba jina lake mpaka begani pameota sugu."

Kwa mara ya kwanza Mama Turubai alimwona. Aliona kijana wa zamani aliyekuwa akikaa mwisho wa benchi, mgongo kwa wenzake, vifundo vya vidole vimevimba. Alitamani kumwambia neno. Lakini saa ya ukutani haikuwa inamngoja.

"Utaapa au hutaapa?"

"Nitaapa, sasa hivi. Nipe tu neno lako kwamba utasaini mauzo. Neno lako latosha, sihitaji karatasi. Wewe hujawahi kusema uongo."

"Na nisipolitoa?"

Kesho alitazama funguo zake. "Basi mimi mtu mwoga. Kiapo si mchezo, shemeji. Uso wa kwenye picha na huu wako... ningesemaje?"

Choo kilivuta maji, mtu akatoka, akapita katikati yao akiomba radhi. Mama Turubai alifungua mdomo. Na kwa kweli neno lilikuwa tayari ulimini. Jina likisimamishwa, karakana imekwenda. Akikubali, karakana imekwenda vilevile, lakini angalau angekuwa na kauli ya siku ya kuondoka, angewaombea wale wanawake muda. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Alimeza mate, na neno likashuka nayo.

"Neno langu silitoi mlangoni pa choo," alisema. "Twende mbele ya watu. Utakachosema, kiseme mbele ya watu."

*

Ilikuwa inakaribia saa kumi. Foleni ilikuwa imebaki vichwa vichache, na wale waliomaliza hawakuondoka. Habari ilishazunguka ukumbini, na mzee wa majitaka alikuwa mzungushaji wake mkuu.

Karani alimtazama Kesho. "Bwana, unamfahamu huyu mama?"

"Namfahamu."

"Ni nani?"

"Ni... alikuwa mke wa marehemu kaka yangu."

"Uko tayari kuapa kwamba ndiye mkurugenzi na mmiliki aliyeandikwa kwenye kampuni yenu?"

Kesho aliweka mkono wa kushoto kwenye ukingo wa dirisha, akainama kidogo, akasafisha koo. Alipunguza sauti, kama anayemwonea huruma kila mtu mle ndani.

"Dada, kuapa ni jambo zito. Namheshimu sana huyu mama. Ila siku hizi mambo ya utambulisho ni mambo makubwa, mtu unaweza kujikuta umefungwa. Mashine yenyewe imesita, mimi ni nani nisisite? Ningeomba nikashauriane na mwanasheria kwanza. Kesho asubuhi na mapema..."

"Kesho!" mzee wa majitaka alipasuka. "Kesho gani? Bango hulioni? Wewe mtu, shemeji yako anazama unamwambia maji yatapungua kesho?"

"Mzee, kaa," karani alisema. Akamgeukia Kesho. "Bwana, kesho haipo. Saa kumi mfumo unajifunga. Ndiyo au hapana?"

"Sijasema hapana."

"Hujasema ndiyo."

"Ndiyo maana naomba muda."

Naye akanyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yake yote, na ilikuwa inatosha. Hakuhitaji kumkana mbele za watu. Alihitaji tu kusimama pale, mpole, ananukia marashi, mpaka mshale ufike juu.

Mama Turubai hakumtazama usoni. Alijua akimtazama atamwomba, na akimwomba atakuwa amempa lile neno. Akatazama chini. Akautazama mkono wa Kesho kwenye ukingo wa dirisha.

Vidole vinne vilikuwa vimenyooka. Cha mwisho kilikuwa kimekunjwa, kimelala ndani ya kiganja kama mtoto usingizini.

Kesho hakuwa ameshika sindano tangu kaka yake azikwe. Alikuwa mtu wa gari na simu. Lakini mkono ulikuwa bado unamwogopa marehemu.

Mama Turubai aliinua mkono wake mwenyewe wa kushoto. Kidole chake cha mwisho nacho kimekunjwa. Kimekunjwa hivyo sokoni, kimekunjwa msibani, kimekunjwa hata jana kizingitini, jiwe likipita kwa wenzake. Hakikuwa na nta, kingesuguliwa nini? Alikifungua kwa mkono wa kulia, polepole, kwa sababu kiungo kilikuwa kizito. Akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha yake ilikuwa na mistari, duara ndani ya duara, kama ukiangalia maji uliyotupia jiwe.

"Mwanangu," alimwambia karani, "tulipochukua vitambulisho tulibonyeza vidole vingapi?"

"Vyote kumi, mama."

"Na vyote unavyo humo?"

"Vimo. Ila mashine huomba vinne, hivyo vingine huwa hatu..." Karani alikiona kidole. Akaitazama saa. Vidole vyake vikaanza kukimbia juu ya kompyuta. "Ngoja. Ngoja nikiombe. Mkono wa kushoto, cha mwisho. Weka!"

Aliweka, akakandamiza kwa nguvu zote, jinsi anavyolalia mshono.

Nyekundu.

Ukumbi ukaguna kwa pamoja. Kesho akapumua, na pumzi yake ilisikika.

"Usikandamize, mama!" Karani alikuwa amesimama. "Unakifuta. Kiguse tu, kama unamgusa mtoto aliyelala."

Aliunyanyua tena mkono wa kushoto. Aliushika kwa mkono wa pili, akakishusha kile kidole ambacho maisha yake yote kilikatazwa kujitokeza, akakigusisha kwenye kioo, akakiacha. Duara dogo likazunguka kwenye kompyuta. Likazunguka. Feni nzima na feni mbovu zote zilionekana zimesimama.

Kijani.

Karani aliketi kwa kishindo, akachukua leso, akapenga kamasi kwa furaha. "Wewe ni wewe, mama. Umehakikiwa."

Mzee wa majitaka alipiga makofi peke yake, halafu hakuwa peke yake. Kesho alibaki vilevile, mkono ukingoni. Alipogundua kwamba shemeji yake anautazama mkono huo, naye akautazama. Alikiona kidole chake. Uso ukambadilika, akauondoa mkono haraka, akautia mfukoni.

"Bwana, kiapo hakihitajiki tena," karani alisema.

"Nilikuwa nataka kuapa," Kesho alisema. "Shemeji, wallahi, nilikuwa nafika huko."

"Najua," alisema Mama Turubai. "Kesho."

*

Walitoka pamoja kwa sababu mlango ulikuwa mmoja. Nje Kesho alisimama kando ya gari lake, anachezea funguo, hapandi.

"Utaniondoa kwenye kampuni?"

"Jina lako hakuliandika mkono wangu. Aliliandika kaka yako." Alipanga kuishia hapo, lakini neno lile la koridoni lilikuwa bado limemkaa. "Kama banda limekuchosha, njoo useme limekuchosha. Tutafute njia ya wewe kutoka bila kulibomoa juu ya vichwa vya watu. Lakini yule mwenye viatu vya kung'aa mwambie sahihi ni mbili."

Kesho akazunguka gari. Alifungua mlango wa abiria. Mama Turubai alitikisa kichwa, akatembea.

Alikuta karakana bado iko wazi. Wanawake walikuwa wameacha kushona, wamekaa wanamsubiri, hakuna anayethubutu kuuliza. Mama Turubai akapita katikati yao. Alivaa kile kipande cha ngozi kiganjani, akakaa kwenye benchi lake, akavuta turubai la tangi la maji ambalo jana alikuwa ameliacha katikati. Ndipo binti yake alipofunga macho na kusema, "Alhamdulillahi," maana mtu aliyepokonywa karakana hakai kushona.

Alitia mishono michache. Mkono wa kushoto ulishika kitambaa, na kile kidole, tangu kilipofunguliwa dirishani, kilikuwa kimebaki kimenyooka. Alikitazama. Alikionea huruma kukirudisha.

"Mama!" binti yake alipiga kelele. "Sindano hiyo! Kunja kidole!"

Akakikunja.